Mkimbiaji naye hupiga hesabu

Hamjambo wanangu. Kipaza sauti hiki kinalia kama paka, basi sogeeni mbele. Aliyewahi kunisikia nikizungumza jambo hili ruhusa kwenda kunywa kahawa, maana leo nayarudia yale yale.

Nimeambiwa niseme juu ya wanamichezo wa vyuo waliokuwa wahandisi, kisha mameya. Mimi nimepima mitaro ya mji huu nusu ya umri wangu, na kila nikienda shuleni nasikia mwalimu akisema, "Huyu anakimbia, hesabu hawezi." Nani kakwambia?

Chukueni Archie Williams. Juni 1936, pale Chicago, kijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikimbia mita 400 kwa sekunde 46.1, rekodi ya dunia. Haikupita miezi miwili akachukua dhahabu ya Olimpiki Berlin, mji wa Hitler, kwa 46.5. Na wa tatu siku hiyo, James LuValle, baadaye akawa mwanakemia! Miguu hiyo, jamani, na vichwa hivyo.

Williams alikuwa akisomea uhandisi wa mitambo. Mshauri wake chuoni alimwambia asijisumbue: wewe mweusi, kazi hiyo atakupa nani? Akakaza buti, akahitimu 1939. Haya, sasa fikirini: medali ya dhahabu iko nyumbani, shahada iko mkononi, na mtu huyo yuko uwanja wa ndege wa Oakland, anatia ndege mafuta na kuziosha. Hapo hapo akajifunza kuzirusha. Vita vilipokuja, akafundisha marubani weusi kule Tuskegee, jimbo la Alabama, halafu akawa mtaalamu wa hali ya hewa jeshini. Alipostaafu akaenda kufundisha hesabu shule ya sekondari, na mwaka 2021 shule hiyo ikaitwa kwa jina lake. Mimi kile kitambaa cha kuoshea ndege ndicho kinachoninyima usingizi. Medali ya Olimpiki, na kitambaa.

Namwona yule kule nyuma anatikisa kichwa: "Mzee, huyo hakuwa meya." Najua hakuwa! Naja huko, subira.

Mwengine atasema hayo ni ya Marekani. Basi Seraphino Antao ni wa wapi? Si wa hapa hapa Mombasa? Mkimbiaji huyo, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Perth, 1962, dhahabu mbili, yadi 100 na yadi 220, na Olimpiki ya Tokyo 1964 ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya. Ulizeni vijana wa mtaani kwenu leo kama wanamjua. Usiulize, utaumia.

Sasa umeya, na naona mwenyekiti ananionyesha saa. Miji midogo mingi ya Marekani, meya ana kazi yake ya mchana; baraza hukutana jioni. Mhandisi akikaa pale, ukimletea bei ya bomba anajua kama unamdanganya. Sisi tangu 2013 meya hatuna, tuna gavana, na zamani meya alichaguliwa na madiwani, raia tukatazama tu. Na mkimbiaji kuingia uongozini? Mkenya mwenzetu Wesley Korir alisoma Chuo Kikuu cha Louisville huko Marekani, akashinda mbio za marathoni za Boston 2012, mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany bila chama. Kwa hiyo njia ipo. Nilitaka kusema na ya wasichana, na ya karo, lakini muda umekwisha.

La mwisho. Mtaro ulioko nje ya ukumbi huu umezibwa na makumbi ya madafu, lakini hata ukiuzoa maji yatasimama, kwa sababu aliyeujenga aliuinamisha upande usiokuwa. Nimekuja na pimamaji yangu. Kijana wewe mwenye viatu vya kukimbia, shika upande huu wa kamba, tutoke tukaupime kabla mvua haijaanza tena.