Kesi Isiyopitwa na Muda: Mhadhara wa Majilio, Dodoma

Mbukwenyi! Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru walioandaa mafundisho haya kwa kunipa mada ambayo wahubiri tunaikwepa: hukumu ya mwisho, na milele. Harusi tunahubiri, baraka tunahubiri, hukumu tunamwachia mhubiri wa stendi mwenye spika. Lakini Majilio, majuma ya kungoja kabla ya Krismasi, ndiyo haya, na Majilio kwa sisi wa Dodoma yanaangukia pale pale tunapoangalia mawingu. Kila nyumba inauliza mvua zitashika lini, tupande uwele sasa au tungoje kidogo. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kungoja.

Nianzie Zaburi ya 96. Mwishoni mbingu zinafurahi, mashamba yanashangilia, miti yote ya mwituni inaimba. Inaimba kwa nini? "Kwa maana anakuja, kwa maana anakuja aihukumu nchi." Miti inaimba kwa sababu hakimu yuko njiani! Sasa waulize wanakwaya wetu, katika nyimbo zao za hukumu ni ngapi zina furaha. Nyingi ni vilio na mlango uliofungwa. Sisemi zinadanganya, Bwana mwenyewe alisema habari za moto. Ila mtunga zaburi alijua kitu ambacho sisi tulioshiba tumekisahau: mwenye kesi anatamani hakimu afike. Anayeomba kikao kiahirishwe ni yule aliyekalia cha mwenzake.

Kabla ya kuingia kwenye huduma nilifanya kazi ya ukarani katika baraza la ardhi, la wapi sitasema. Siku moja alifika mama mmoja mtu mzima na makaratasi yake kwenye mfuko wa nailoni, amefunga fundo gumu mpaka ikabidi alifungue kwa meno. Mumewe alikuwa amefariki zamani, shemeji akachukua shamba, yeye akaenda kukaa kwa binti yake. Aliporudi kudai alikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji na picha moja iliyofifia: kaburi la mumewe, na nyuma yake mabua ya mtama. Kaburi liko ndani ya shamba lile lile. Wakili wa upande wa pili hakubisha hata neno moja kati ya hayo. Alisimama akaweka pingamizi la awali, kwamba shauri limefunguliwa nje ya muda. Mwenyekiti wa baraza akapiga hesabu, akaona ni kweli. Shauri likatupwa. Mama aliniuliza mimi karani, "Mwanangu, wamesema nimesema uongo?" Nikamwambia hapana, mama, hawajasema hivyo. "Basi wamesema nini?"

Walichosema kiko kwenye sheria. Sheria yetu ya Ukomo ya mwaka 1971 inataka dai la kurudishiwa ardhi lifunguliwe ndani ya miaka 12. Dai la mkataba, miaka 6. Dai la madhara uliyofanyiwa na mtu, miaka 3. Siilaumu. Bila ukomo, wajukuu wangeburutana mahakamani kwa ugomvi wa mababu, mashahidi wote wako makaburini na hati zimeliwa na mchwa. Sheria hiyo ina unyenyekevu wake, kwa sababu inakiri kwamba mahakama ya binadamu haiioni jana. Jana lazima iletwe barazani kwa mdomo wa shahidi au kwa karatasi, na vyote viwili vinachakaa. Basi inafika mahali tunasema yaishe. Hatusemi haki imetendeka, tunasema tumeshindwa kuifikia.

Na Mungu je? Hapa ndipo habari ya milele inapoingia, na naomba mnivumilie, maana wengi tunaifikiria milele kama muda mrefu sana. Miaka milioni, halafu milioni nyingine, tukiimba. Kijana mmoja wa kipaimara aliwahi kuniambia kwa uaminifu kabisa kwamba atachoka. Nilimwelewa.

Karne ya 6 kulikuwa na mtu anaitwa Boethius, kiongozi mkubwa huko Italia, aliyeshitakiwa kwa uhaini na mfalme Theodoric akatiwa gerezani, na mnamo mwaka 524 akauawa. Akiwa mle ndani, akisubiri kuuawa kwa hukumu aliyoamini si ya haki, aliandika juu ya milele. Alisema milele ni kuwa na uzima wote usio na mwisho kwa mara moja, mzima, bila kipande kilichopotea jana wala kipande ambacho hakijafika. Sisi uzima wetu unakuja kwa mafungu: utoto umekwenda, uzee haujafika, na hata hii leo inatuponyoka. Mungu hapotezi kitu. "Miaka elfu machoni pako ni kama siku ya jana ikiisha kupita, na kama kesha la usiku." Musa, katika Zaburi hiyo ya 90, hasemi Mungu ana saa inayokwenda polepole. Anasema siku zetu zote ziko machoni pake. Ndiyo maana nasema kwa Mungu hakuna kesi iliyopitwa na muda, kwa kuwa hakuna tukio lililompita.

Wazee wangu mliopo hapa mtanielewa upesi nikitaja ile njaa ya Mtunya. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, majeshi yakapita humu humu. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza wakaingia Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Kisha mvua zikakataa. Njaa iliyofuata, hadi mwaka 1920 hivi, ndiyo Wagogo waliyoiita Mtunya. Watu walifia njiani wakienda kutafuta chakula, kaya zikatawanyika zisikutane tena. Hakuna jalada lililofunguliwa. Afisa aliyesaini karatasi ya kuchukua maghala ya watu alizeeka, akafa kitandani kwake, pengine akazikwa kwa heshima.

Kama milele ni muda mrefu tu unaoendelea mbele, basi waliokufa Mtunya wanazidi kuwa mbali kila mwaka, mpaka siku ya hukumu ifike wawe hadithi ya zamani mno. Lakini kama mwaka 1919 uko mbele za Mungu kama ilivyo asubuhi ya leo, hawajasogea hata hatua moja. Katika Ufunuo sura ya 6 roho za waliochinjwa zinalia chini ya madhabahu, "Hata lini?" Hazikaripiwi kwa kuuliza. Zinapewa mavazi meupe, zinaambiwa zistarehe bado muda mchache. Wafu wana haki ya kudai haki, na dai lao limepokelewa.

Sasa angalieni swali hilo hilo linavyorudi kwenye Mathayo 25, kwa namna ya kuchekesha kidogo. Kondoo, yaani waliotenda mema, wanauliza, "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Mbuzi, yaani waliokataa kutenda, nao wanauliza lini. Pande zote mbili zimesahau tarehe! Yule aliyetoa bakuli la unga alisahau, na yule aliyefunga mlango alisahau. Anayekumbuka ni mmoja, tena kwa sababu alikuwepo, mwenye njaa alikuwa ni yeye. Hakimu huyu haiti mashahidi. Mimi jambo hili linanitisha kuliko moto, nawaambia kweli. Linanifariji pia, nikifikiria mama mmoja anayechota maji kwa ajili ya jirani mgonjwa na hakuna anayempiga picha.

Mtaniuliza, basi mbona anakawia? Wengine walichoka kungoja wakapiga hesabu. Mwaka 1844 kule Marekani maelfu ya watu, kwa hesabu zilizoanzia kwa mhubiri William Miller, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba. Tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida. Tuwaache hao, na wanaofanya hivyo siku hizi kwa simu tuwaache pia. Petro anajibu kwamba Bwana hakawii, anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee. Mhubiri sura ya 8 anaongeza upande wa pili: kwa kuwa hukumu haitekelezwi upesi, mioyo ya wanadamu inapata ujasiri wa kutenda mabaya. Muda ni ule ule. Mmoja anautumia kutubu, mwingine anahesabu miaka 12 iishe.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu Wakristo tumeingiza sheria ya ukomo kanisani bila kupiga kura. Tunadhani dhambi ikizeeka inakuwa imesamehewa. "Aa mchungaji, hayo ya zamani!" Hakuna andiko linalosema hivyo. Wakolosai 2 inasema hati iliyoandikwa ya kutushitaki ilifutwa, ikagongomewa msalabani. Haikuliwa na mchwa, kuna aliyeilipa. Ukomo unasema hatusikilizi tena. Msalaba unasema tumesikiliza yote, mpaka mwisho, na kuna aliyesimama mahali pako. Yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu pale Golgotha hakuwa na muda wa kurekebisha lolote, akaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Leo hivi! Milele ilimfikia alasiri moja.

Kuna swali lililoandikwa kwenye karatasi hapa mbele: babu zetu waliokufa kabla ya wamisionari kufika Mpwapwa miaka ya 1870 watahukumiwaje? Paulo, Warumi 2, anasema wapo wasio na torati ambao kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Zaidi ya hapo mimi nasimama na Ibrahimu: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Ibrahimu aliuliza akiwaombea Sodoma, watu wa hovyo kuliko babu yako. Nisingependa kuwa mkali kuliko yeye.

Swali la pili linasema, kama damu ya Yesu imelipa, kuna haja gani ya kurudisha nilichochukua? Msomeni Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru. Wokovu ulipoingia nyumbani kwake hakuuliza imepita miaka mingapi, wala kama aliyemnyang'anya ana risiti. Alisema anarudisha mara nne, na alisema hivyo Yesu akiwa ameshapokelewa kwake. Wiki hizi mashamba yanasafishwa, na mvua zikishika kila mtu ataingia na jembe au trekta. Aliyesogeza mpaka wa mjane anajua ulikuwa kwenye kisiki kipi. Alime kuishia hapo.