Herufi Moja Inayopotea Kati ya Moscow na Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura, mlioko Muscat, wote nawasalimu. Leo sipo jikoni wala garini. Nipo kazini, na nimeomba ruhusa ya kurekodi hapa. Ngoja niizungushe simu muone.

Hii ndiyo studio ya chuo kikuu ninachofanyia kazi hapa Ohio. Ukubwa wake ni kama duka la Mangi. Kamera moja, taa mbili, pazia la bluu, na kiti kile pale. Kazi yangu ni kumwandaa anayekaa kwenye kiti hicho: namfunga maiki kwenye ukosi, namwekea kile kidude cha sikioni, nahakikisha sauti inafika New York au London, halafu nafunga mlango. Aliyekaa hapo hamwoni anayemhoji. Anakikodolea macho kioo cheusi cha kamera, na maswali yanamjia sikioni tu.

Sasa, mjomba wangu wa Tanga amenitumia sauti WhatsApp wiki iliyopita. Anasema, "Mjomba, wewe uko karibu na wasomi. Hivi Warusi na Waukraine si watu wamoja tu? Mbona kila redio inasema lake?" Nimekaa na swali hilo siku nne. Mjomba, shikamoo, na jibu lako ni hili, ila litapita njia ndefu kidogo.

Kuna mama mmoja hapa chuoni, sisi tunamwita Profesa. Jina lake naliacha. Anafundisha lugha na fasihi za Kislavi, yaani Kirusi, Kiukraine, Kipolishi na jamaa zao, kwa madarasa ya wanafunzi wanane, tisa. Tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, nilifika hapa kabla hakujapambazuka nikamkuta amekaa nje ya mlango, koti la baridi mwilini, karatasi mkononi. Siku ile aliingia na kutoka humu mara sita. Miaka yote watu walikuwa wakimuuliza lugha hizo zina faida gani, na sasa nchi nzima inataka kumsikia, kwa dakika tatu.

Swali la kwanza alilotupiwa: Je, Putin atatumia bomu la nyuklia? Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, nasikia kila kitu. Akajibu kwa upole, "Hilo silijui. Ninachoweza kuwaeleza ni maneno aliyoyachagua jana na leo, na kwa nini kayachagua hayo." Wakamshukuru, wakakata. Kituo kile hakikumpigia tena kwa muda mrefu. Walipata mwingine anayejua yatakayotokea kesho. Mimi niliumia, nawaambia kweli. Yeye alivua maiki taratibu, akaniomba chai.

Tukiwa tunakunywa chai hiyo ndipo akanisimulia kisa cha Khrushchev, aliyekuwa kiongozi wa Muungano wa Kisovieti. Tarehe 18 Novemba 1956, kwenye hafla ya ubalozi wa Poland mjini Moscow, Khrushchev aliwaambia mabalozi wa nchi za Magharibi, "My vas pokhoronim." Mkalimani akalitafsiri neno kwa neno: tutawazika. Magazeti ya Marekani yakalibeba, watu wakasikia tishio la kuuawa. Lakini kwa masikio ya Kirusi, anayekuzika ni yule aliyebaki hai baada yako. Khrushchev alikuwa akijigamba kwamba ukomunisti utaishi na ubepari utajifia. Mwaka 1963, akiwa Yugoslavia, alilazimika kueleza mwenyewe kwamba hakukusudia kuwazika watu kwa koleo.

Nikamwambia, Profesa, kwetu tuna usemi, rafiki wa kufa na kuzikana. Kuzika si kazi ya adui. Anayekuzika ni wako. Aliacha kikombe, akachukua kalamu, akaniambia nirudie polepole. Akaandika "kuzikana" nyuma ya ile karatasi yake ya mahojiano.

Tangu siku hiyo, kila akimaliza humu ndani ananipa somo dogo. Na somo lililonikaa zaidi ndilo jibu la mjomba.

Kirusi kina vineno viwili vya mahali, kimoja ni "v", herufi moja tu, kingine ni "na". Hii si "na" yetu, ni yao. "V" ni ndani ya kitu, "na" ni juu yake. Mrusi akisema yuko Tanzania anasema v Tanzanii. Akivuka bahari anasema na Zanzibare, kwa sababu Zanzibar ni kisiwa, na kisiwa unasimama juu yake. Profesa alidhani itabidi anieleze sana. Jamani, mtu aliyelelewa kwa Kiswahili anaelezwa nini hapo? Chumbani mna mtu, mlangoni pana mtu, mjini kuna watu. Mu, pa, ku. Sisi tumeshazoea kwamba herufi ndogo ndiyo inayosema mahali ni pa namna gani.

Haya. Nchi nyingi kwa Kirusi zinachukua "v": v Polshe, v Kenii. Ukraine kwa mazoea ya miaka mingi ilichukua "na", kama kisiwa au kama ukingo wa nchi ya mwingine. Baada ya uhuru wa 1991 Waukraine wakasema hapana, sisi ni nchi, semeni "v". Hadi leo viongozi wa Moscow na televisheni zao wanasema "na". Kiongozi anaposimama na kutamka "na Ukraine", Mwingereza anatafsiri kwa neno lake moja, mhariri wetu anaandika "nchini Ukraine", na ile herufi imebaki njiani. Sisi tunasikia habari. Profesa anasikia msimamo.

Ila nisiwe mwongo kwa kuwapa nusu. Profesa huyo huyo anakataa kusema kwamba kila anayetamka "na" anaidharau Ukraine. Wazee wengi walifundishwa hivyo shuleni. Kuba ni nchi huru na bado Mrusi anasema na Kube, kwa kuwa ni kisiwa. Na Taras Shevchenko, mshairi mkuu wa Waukraine wenyewe, mwaka 1845, katika shairi la kuomba azikwe kwao, aliandika "na". Mwandishi mmoja wa habari alimbana Profesa humu ndani: sema basi ni tusi au si tusi? Akasema, "Inategemea nani, lini, na anajua nini." Jibu hilo halikurushwa. Mimi nililisikia, ndiyo maana nawaletea.

Kwa hiyo mjomba, Putin aliandika makala Julai 2021 kuhusu umoja wa kihistoria wa Warusi na Waukraine, akisema ni taifa moja. Umelisikia neno hilo likizunguka hadi likafika Tanga bila mwenyewe. Lugha zao ni jamaa, hilo kweli. Lakini Kiukraine si Kirusi kilichoharibika, kina sarufi yake na vitabu vyake, na wenyewe wanasema wao ni watu wao. Undugu wa lugha hauwafanyi watu kuwa wamoja.

Na sasa nasema na wahariri wetu, kwa heshima. Habari hii inatufikia imetoka Kirusi kwenda Kiingereza kuja Kiswahili. Wakati huo huo tuna madaktari, mainjinia na walimu waliosoma Moscow kwenye chuo kilichopewa jina la Lumumba mwaka 1961, wengine waliosoma Ukraine, kwenye miji ya Kyiv, Odesa, Kharkiv. Wanakijua Kirusi, wameota ndoto kwa Kirusi. Wapigieni simu.

Mimi nimeanza. Mtaani kwetu Chumbageni kuna mzee aliyesomea uinjinia Kharkiv miaka ya themanini. Nimempigia Jumapili. Nikamuuliza, mzee, wewe ukisema uko Ukraine unasemaje? Akajibu papo hapo, "Na Ukraine." Kimya. Nikasikia kuku tu nyuma yake. Kisha akasema, "Nilikaa chumba kimoja na kijana wa Poltava, Mukraine. Miaka mitano. Sikuwahi kumuuliza yeye anapenda lipi."

Ameniambia ana barua zake kwenye sanduku. Jumapili ijayo nampigia tena, saa mbili usiku ya huko nyumbani, na amekubali msikilize.