Tuzibe Vishimo vya Mpira wa Gofu Tuone Unaendaje

Haya, karibuni. Leo tunaharibu mipira ya gofu makusudi. Tafuta mipira mitatu ya aina moja, gundi ya epoksi, kadi ya plastiki isiyo na kazi, kalamu ya wino usiofutika, chumvi na ndoo ndogo. Mimi hupenda mipira iliyokwishapigwa kidogo, haiumi roho kuiharibu. Ila ukikuta mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha, mpira huo weka kando.

Maji lita moja, chumvi gramu 230 hivi, koroga hadi iyeyuke. Kwenye maji ya kawaida mpira unazama, hapa utaelea. Ukizama, ongeza chumvi. Basi.

Tunaelesha kwa sababu kabla hujasema vishimo vimefanya hivi au vile, lazima ujue kwamba uzito wa ndani umekaa katikati. Zungusha mpira kwa vidole, uache utulie, kausha ile ncha ya juu na uweke nukta. Zungusha tena. Nukta ikirudi juu kila mara, upande wa chini ni mzito, na mpira huo hatuutaki. Nukta ikitokea popote, mpira ni mzuri.

Lakini hapa nisikilizeni: mapovu. Ngoja nisogeze kamera... taa inapiga kwenye maji... haya, sasa mnaona. Kila kishimo kimeshika kipovu cha hewa, vimejipanga kama shanga. Vipovu hivyo vinauinua upande mmoja, na wewe utauhukumu mpira usio na kosa. Tone la sabuni ya maji, upake mpira wote kwa kidole, ndipo uutie majini. Mapovu! Najua kuna mtu ataruka hapa, kisha ataniandikia kwamba mipira yake yote ni mibovu.

Suuza chumvi na sabuni, kausha. Gundi haishiki kwenye sabuni.

Mpira wa kwanza hatuugusi. Wa pili tunaziba vishimo vyote. Wa tatu chora mstari wa kuugawa nusu kwa nusu, uzibe upande mmoja tu. Changanya gundi kidogo kidogo, paka, kisha pitisha kadi ikiwa bado mbichi, gundi ibaki ndani ya kishimo tu. Usingoje ikauke. Ikikauka na kivimbe, hicho kivimbe nacho kinatibua hewa, na jaribio limekwisha. Tazameni hapa karibu na mstari: kishimo kimoja kimezibwa nusu. Kifute, ukizibe upya. Kina cha kishimo ni kama robo ya milimita, kwa hiyo hata utando mwembamba wa gundi una maneno yake. Ndiyo maana sishughuliki sana na watu wanaohesabu vishimo. Mipira mingi ina kati ya 300 na 500. Mimi hutazama kina na ukingo.

Gundi ikiwa inakauka, niwaambie kinachotokea. Mpira ukiruka, hewa inaukumbatia kwa mbele, halafu inaachia na kuacha nyuma mkia wa msukosuko. Mkia ukiwa mpana, mpira unavutwa nyuma sana. Vishimo vinaitibua ile hewa nyembamba inayogusa ngozi ya mpira. Ikishatibuka inang'ang'ania zaidi, inaachia kwa kuchelewa, na mkia unakuwa mwembamba. Mpira usio na vishimo hufika takriban nusu tu ya umbali wa ule wenye vishimo.

Halafu kuna mzunguko. Fimbo huuzungusha mpira kinyumenyume, draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, kama mara 2,500 kwa dakika, weji, ile fupi ya kupiga juu na karibu, hata 9,000. Mpira wenye vishimo ukizunguka hivyo unaisukuma hewa chini, nao unainuka. Mpira laini, yaani usio na vishimo, una visa: ukizunguka polepole, mzunguko uleule unaweza kuukandamiza chini. Jambo hili bado linanifurahisha.

Sasa uwanjani, pasiwe na mtu mbele wala pembeni. Tumia fimbo ya chuma namba 7 kwa mipira yote. Wa kwanza... sawa, kawaida. Wa pili, ule laini... mmeona? Umeinuka kidogo, ukaishiwa.

Wa tatu usiharakishe. Upande uliozibwa utazame kushoto kabisa, mstari uelekee unakolenga. Ukizunguka kinyumenyume, ubavu wa kushoto unabaki kushoto safari nzima. Ukiweka gundi mbele au juu, pande zitabadilishana na hutaona kitu. Kushoto kabisa! Ngoja, umebingirika kwenye tii, hiki kijiti cha kuwekea mpira. Upepo huu. Narudisha... napiga. Angalieni, unakwenda kulia, kwenye upande wenye vishimo! Geuza gundi kulia, utakwenda kushoto.

Ujanja huu wa vishimo ulishauzwa dukani. Miaka ya 1970 kulikuwa na mpira uitwao Polara, vishimo vyake vina kina tofauti katikati na kwenye ncha, ili ujinyooshe wenyewe angani. Mwaka 1981 USGA, yaani chama cha gofu cha Marekani, wakaweka kanuni kwamba mpira lazima uruke sawa hata ukiuweka vipi. Hii yetu ya gundi pia usiipeleke mashindanoni.

Usipotaka kuhangaika na gundi, tope litakufanyia kazi hiyo. Tope likiganda ubavu wa kulia limeziba vishimo, mpira utavutwa kushoto, kwa hiyo lenga kulia kidogo. Kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo la kuingizia mpira, unaruhusiwa kuuweka alama, kuuokota na kuupangusa. Kwenye nyasi nyingine huruhusiwi kuuokota ili uusafishe tu, labda waandaaji wawe wametangaza kanuni maalumu siku hiyo. Waulize kabla hujaanza.