Insulini na joto la nyumbani kwetu

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za saa hizi. Nimekuja na vichupa viwili, vizungusheni taratibu kila mtu ashike na aangalie kwenye mwanga. Vyote ni insulini, dawa ya sindano ya kisukari, ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maji ya mchele. Kimoja ukikibingirisha viganjani kinakuwa cheupe sawasawa, ila hicho chenye plasta bingirisha mpaka uchoke, bado utaona chengachenga zimeng'ang'ania kwenye kioo. Hicho kiliganda. Mama mmoja aliambiwa hospitalini "weka kwenye baridi", basi, akaenda kwa jirani mwenye friji wakakiweka juu kabisa kule kwenye barafu, asubuhi kikayeyuka akamchoma mtoto dozi ileile ya siku zote, sukari ikabaki juu siku tatu nne, mtoto anakojoa usiku kucha na kiu haiishi. Yule mama hakukosea kitu jamani, alifanya alichoambiwa, sisi wahudumu ndo hatukummalizia maelezo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Insulini ni protini, kama ute wa yai. Ukishaupika haurudi kuwa mbichi, na insulini nayo ikishaungua au ikishaganda ndo imekwisha, hata kama kichupa kimejaa.

Mnajua ilipoanzia? Toronto, Kanada, Januari 1922, mtoto wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson, amebaki kilo kama 30 hivi maana dawa pekee enzi zile ilikuwa kunyimwa chakula. Sindano ya kwanza tarehe 11 haikumsaidia, dawa ilikuwa chafu, mwanakemia Collip akakaa akaisafisha, tarehe 23 wakamchoma tena na sukari ikashuka. Collip na wenzake walioigundua, Banting na Best, wakauza haki ya ugunduzi kwa chuo kikuu chao, dola 1 kila mmoja. Dola moja! Na sisi mpaka leo kuna nyumba inachagua kati ya unga na kichupa.

Sasa boksi linasema nyuzi 2 mpaka 8, na ukishafungua isizidi 25. Nani hapa nyumbani kwake mchana ni 25? Ndo maana utafiti ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Dagahaley, kambi ya wakimbizi kule Dadaab, Kenya. Watu wasio na friji walikuwa lazima waende hospitali kila siku kuchomwa, hebu fikiria mtoto wa shule hapo. Watu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka wakapima joto ndani ya nyumba zenyewe, usiku 25 mchana 37, halafu wenzao wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaweka insulini kwenye joto hilohilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne, wakalinganisha na iliyokaa kwenye friji. Nguvu ileile. Majibu yalitoka 2021. Yani mtu alienda kuuliza swali nyumbani kwa mgonjwa badala ya kumlaumu hana friji.

Ila nisikilizeni vizuri hapa. Ni wiki nne, basi, kwa hiyo siku unayofungua andika tarehe kwenye kichupa kwa kalamu. Na 37 sio ndani ya gari lililopaki juani, sio dirishani, sio juu karibu na bati. Nyumbani kiweke hivi: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, mwagia maji asubuhi na jioni, funika kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo, kichupa kiwe ndani ya kopo lenye mfuniko kisiloe. Ambavyo hujafungua ndo vitunze kwenye friji, hata ya jirani, ila chini, mbali na barafu.

Kuna utafiti mwingine wa 2025, Uganda, Kameruni na Afrika Kusini, vijana karibu 900 walioandikiwa kisukari aina ya kwanza. Kama asilimia 65 hawakukutwa na zile alama kwenye damu zinazoonyesha kinga ya mwili inashambulia kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini. Huenda wengi wetu ugonjwa wetu ni wa namna nyingine kabisa ambayo vitabu havijaiandika vizuri. Hii haimaanishi umuachishe mtoto sindano, tafadhali sana, hata siku moja.

Na mmeniuliza kuhusu kupona. Kuna jaribio la kupandikiza seli za kutengeneza insulini, zilizotengenezwa maabara, watu 12, baada ya mwaka 10 hawachomi tena insulini, ila wanakunywa dawa za kutuliza kinga muda wote. Ulaya 2024 wamepitisha insulini ya sindano moja kwa wiki, hiyo ni ya watu wazima. Nafurahi kwa kweli, ila wa kwako anachoma leo jioni.

Mama wa kule nyuma ameuliza safarini kwenye basi afanyeje. Barafu ifunge kwenye taulo kwanza, kichupa kivalishe soksi, visigusane kabisa, na kaa nacho mwenyewe, kisiende kwenye buti. Halafu hicho chenye plasta kikishafika mwisho nirudishieni mkononi mwangu, kisije kikachanganyika na kizima.