Saa yako moja ni shilingi ngapi?

Bwana Mwenyekiti wa tawi, ndugu viongozi, na ninyi ndugu zangu mliotoka zamu ya usiku mkapitia hapa kabla ya kwenda kulala, asanteni sana. Macho yenu nayaona, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka 22. Swali lililoletwa dirishani kwangu kuliko yote ni hili: "Mbona pesa imepungua?" Ni swali la haki. Ila karibu hakuna aliyewahi kuja kuniuliza saa yake moja inalipwa kiasi gani. Mtu anajua bei ya kilo ya sembe, na maharage yakipanda shilingi mia anajua siku hiyo hiyo. Bei ya saa yake, ambayo ndiyo anayoiuza kila siku ya Mungu, haijui. Leo tuitafute pamoja. Mwenye kalamu aitoe, na mwenye simu afungue kikokotoo.

Tuanze na saa zenyewe. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Mwezi una wiki ngapi? Wengi mnasema nne. Mkigawa kwa nne mtapata jibu lisilo sahihi, kwa sababu mwaka una wiki 52, ukizigawa kwa miezi 12 unapata 4.333. Namba hiyo imo kwenye jedwali la sheria yenyewe. Zidisha 4.333 kwa 45, unapata saa 195 kwa mwezi. Andikeni 195, tutaitumia mpaka mwisho.

Sasa tumchukue mfanyakazi mmoja wa mfano. Mshahara wake wa msingi ni 600,000, posho hana. Gawa kwa 195. Saa yake ni shilingi 3,077. Hiyo ni bei ya kwenye mkataba. Mkononi haifiki hivyo.

Kwanza inatoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 60,000. Kodi ya mshahara, hii tunayoiita Paye, haikatwi kwenye laki sita. Inakatwa kwenye kilichobaki baada ya NSSF, yaani 540,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kisha 25 hadi milioni moja, na juu ya milioni ni 30. Mtu wetu analipa asilimia 8 ya zile 250,000, ambayo ni 20,000, na asilimia 20 ya zile 20,000 zilizozidi, ambayo ni 4,000. Jumla 24,000. Ada ya chama cha wafanyakazi tuseme asilimia 2, hiyo ni 12,000. Anabaki na 504,000. Gawa kwa 195: shilingi 2,585 kwa saa.

Kama alisoma kwa mkopo wa serikali na bado anadaiwa, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Saa yake inashuka hadi 2,123. Nawaona vijana wa maabara kule nyuma mnatikisa vichwa. Najua inauma. Lakini deni hilo lina mwisho, kwa hiyo kila mwaka ombeni taarifa mjue limebaki kiasi gani.

Hapo kwenye ngazi za kodi naomba nikae kidogo, maana pana hofu inayowaumiza watu bure. Mwaka mmoja dada mmoja alikuja ofisini kwangu kuomba asiongezewe mshahara. Kweli kabisa. Alikuwa ameambiwa kwamba akivuka 520,000 kodi itaruka kutoka 8 hadi 20 kwenye mshahara wote, na atapata kidogo kuliko mwanzo. Siyo hivyo. Asilimia 20 inagusa kile kilichovuka tu. Kiasi cha kutozwa kodi kikiwa 520,000, kodi ni 20,000. Kikiwa 530,000, kodi ni 22,000. Ameongezewa elfu kumi, serikali imechukua elfu mbili, elfu nane ni zake. Kwenye ngazi hizi hakuna sehemu ambapo nyongeza inakurudisha nyuma. Dada yule tulikaa naye nusu saa, nikamchorea ngazi kwenye karatasi. Alisaini nyongeza yake. Kilichonisumbua baadaye ni kwamba wenzake watatu walikuwa wameshakataa kwa sababu ile ile, na mimi nilikuwa mlango wa pili sijui.

Na NSSF jamani msiiweke kapu moja na kodi. Ile 60,000 ni akiba yako, na mwajiri analeta 60,000 yake juu. Tena yako haiwezi kuzidi asilimia 10. Kwa wenzetu wa serikalini walioko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mtumishi anachangia 5 na mwajiri 15. Ila akiba ni akiba pale tu inapofika. Mimi mwenyewe nikiwa kijana, kwenye kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi, nilikatwa miezi 14, na salari slipu ilionyesha makato vizuri kabisa. Nilipokwenda kuuliza kwenye mfuko nikakuta miezi mitatu tu. Nilikuwa nauza zaidi ya saa kumi na tisa zangu kila mwezi, yaani asilimia 10 ya zile 195, kwa ajili ya uzee wangu, na hazikuwepo. Kwa hiyo salari slipu siyo ushahidi kwamba pesa imefika. Ushahidi ni taarifa ya michango. Iangalieni kila baada ya miezi michache, msingoje mwaka wa kustaafu.

Mkiona kwenye makato yenu tozo ya ufundi stadi, ile SDL ya asilimia 3.5, au mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5, simameni muulize. Hizo ni za mwajiri. Hazitoki mfukoni mwa mfanyakazi hata senti moja.

Twende kwenye ovataimu, maana nilijua ndiyo mliyoifuata.

Sheria inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Mtu wetu wa 3,077 atapata 4,615. Kodi yake hapo ni asilimia 20, kwa sababu yuko tayari kwenye ngazi hiyo, tukikata kodi peke yake inatoka 923, inabaki 3,692. Ni saa nzuri. Lakini hiyo mara moja na nusu inahesabiwa juu ya nini? Juu ya mshahara wa msingi. Posho hazimo.

Mchukueni mfanyakazi wa pili. Naye analipwa 600,000, lakini mkataba wake unasema msingi 400,000 na posho 200,000. Mwisho wa mwezi wote wawili wanapokea jumla ile ile, wanakunywa chai meza moja. Gawa 400,000 kwa 195: saa yake ya msingi ni 2,051. Zidisha mara moja na nusu: 3,077. Mmeiona hiyo namba? Ndiyo saa ya kawaida ya mwenzake! Huyu anabaki kazini usiku, amechoka, watoto wamelala hawajamwona, na saa ile, ukiacha nyongeza ya usiku, analipwa sawa na mwenzake anavyolipwa saa tatu asubuhi. Nusu nzima ya ovataimu imeliwa na jinsi mshahara ulivyogawanywa kwenye karatasi. Mkikaa mezani na mwajiri kujadili mkataba wa hali bora, msishangilie jumla. Ulizeni msingi ni kiasi gani.

Saa za usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Na ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, hata kama wewe mwenyewe unazitaka zaidi.

Sasa kuna hesabu ambayo ofisi haiwezi kukufanyia. Mtu wetu wa 504,000 anakuja kazini siku 26. Njiani anatumia saa mbili kwa siku, kwenda na kurudi, na nauli 1,200. Saa 52 na shilingi 31,200 zimekwenda. Mapumziko ya chakula ni saa nzima, na kisheria mwajiri halazimiki kuilipa ila kama anakutaka ufanye kazi au uwe tayari kwa kazi. Hizo ni saa 26 nyingine. Amebaki na 472,800 kwa saa 273 alizotoa nyumbani kwake. Gawanya: 1,732. Tulianza na 3,077.

Namba hii ya mwisho siyo ya kumpelekea mwajiri, ni ya kwako unapoamua mambo. Umehamishiwa nyumba karibu na kiwanda, kodi ya chumba imeongezeka kwa 20,000 lakini umeokoa saa 40 za njiani? Sasa unaweza kupima. Umefuatwa na watu wa kausha damu, chukua laki moja rudisha laki na thelathini mwisho wa mwezi? Zile 30,000 ni karibu saa 12 za kazi, ukihesabu kwa ile 2,585. Siku moja na nusu umesimama kwenye mashine kwa ajili ya mtu ambaye hata hakujui.

Mama pale anauliza: yeye analipwa kwa idadi ya vipande, atajuaje? Swali zuri, mama yangu. Sheria inasema anayelipwa si kwa muda, mshahara wake wa wiki unahesabiwa kwa wastani wa wiki 13 zilizopita, au muda aliokaa kama hazijafika. Nunua daftari dogo. Kila siku andika saa uliyoingia, uliyotoka, na ulichopata. Bila daftari utabishana kwa mdomo tu.

Na wewe kijana wa koti la bluu? Umeitwa Jumapili, uende au usiende. Msingi wako laki sita, siyo? Siku ya mapumziko ya wiki ni mara mbili, 6,154 kwa saa. Kodi asilimia 20 peke yake ikiondoka, inabaki 4,923. Kwa saa saba na nusu ni kama 36,900. Mimi ningekwenda mara moja, labda mbili kwa mwezi. Lakini kabla ya kwenda ningeomba waandike kwenye karatasi kwamba ni mara mbili, na ningebaki na nakala yangu.