Fonti Uliyoilipia Wewe, Mteja Haimhusu

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia leseni za fonti, yaani mitindo ya herufi za kompyuta, katika kazi za kulipwa za wabunifu wa michoro. Juma, naomba tuanze na sheria kwanza.

JUMA: Sawa. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: herufi nazo zina hakimiliki? Yaani mtu anaweza kuimiliki "a"?

REHEMA: Inategemea nchi. Marekani, umbo la herufi halina hakimiliki. Mahakama ilishikilia hivyo mwaka 1978, katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer. Lakini faili la fonti ni programu ya kompyuta, na programu inalindwa. Kampuni ya programu ya Adobe iliishinda kampuni ya Southern Software mwaka 1998 kwa msingi huo. Uingereza ni tofauti: sheria yao ya 1988 inalitambua umbo lenyewe, ila ulinzi una kikomo cha miaka 25 tangu fonti iingie sokoni.

JUMA: Chukua fonti ya Arial. Kampuni ya fonti ya Monotype iliichora mwaka 1982, na upana wa kila herufi unalingana na wa Helvetica, fonti iliyoitangulia. Ukibadilisha moja kwa nyingine, mistari inakatika palepale.

REHEMA: Mfano mzuri. Ila mbunifu kazini hachori fonti ya kufanana na nyingine. Anapakua faili, analisakinisha, analifanyia kazi. Hapo kinachombana ni leseni, na leseni ni mkataba. Wengi wanabonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja.

JUMA: Na kwenye folda iliyopakuliwa, pembeni ya fonti, mara nyingi kuna kifaili kidogo cha maandishi. Ukikifungua unakuta: matumizi binafsi tu. Kadi ya harusi ya dada yako, sawa. Nembo ya kampuni, hapana.

REHEMA: Hata ukiwa umelipa, uliza umelipia nini. Leseni ya kawaida ni ya kusakinisha kwenye kompyuta, na huhesabiwa kwa idadi ya watumiaji au mashine. Kuiweka fonti kwenye tovuti ni leseni nyingine, na kampuni nyingi huipima kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa. Kuipachika ndani ya programu ya simu ni nyingine tena. Hata nembo: kampuni nyingi zinaruhusu ugeuze maandishi kuwa maumbo, lakini wapo wanaodai leseni ya nembo peke yake. Lazima usome.

JUMA: Basi twende kwenye linaloniuma mimi. Kazi imekwisha, mteja anasema, "Nitumie na fonti, vijana wangu wataendelea nayo." Mbunifu anafunga kila kitu kwenye folda moja, anatuma.

REHEMA: Na hapo amegawa kitu kisicho chake. Leseni ni ya aliyenunua. Mteja akiipakia ile fonti kwenye tovuti yake, barua ya madai inamfikia yeye, na yeye anakurudia wewe. Hata usajili wa Adobe Fonts, huduma ya fonti ya Adobe, haukuruhusu kumkabidhi mteja mafaili. Anapaswa kuwa na usajili wake.

JUMA: Na mpiga chapa?

REHEMA: Mtumie PDF yenye fonti ndani. Leseni nyingi zinaruhusu hilo.

JUMA: Haya mambo hayawakuti wadogo tu. Mwaka 2010 Ufaransa walizindua nembo ya HADOPI, taasisi iliyoundwa kulinda hakimiliki kwenye intaneti. Ikagundulika herufi zake ni za Bienvenue, fonti ambayo Jean-François Porchez aliichora kwa ajili ya kampuni ya simu ya France Télécom pekee. Nembo ikabidi ifanywe upya.

REHEMA: Taasisi ya hakimiliki! Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: fonti inunuliwe kwa jina la mteja tangu mwanzo. Iwe na mstari wake kwenye makadirio ya gharama, kama uchapishaji ulivyo na mstari wake. Nawe mbunifu uwe na leseni yako ya kufanyia kazi.

JUMA: Mteja atasema ni ghali.

REHEMA: Akisema hivyo, mwonyeshe fonti zenye leseni huria ya fonti iliyotungwa na shirika la SIL. Toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007, na fonti nyingi za Google Fonts ziko chini yake. Unatumia kibiashara, unaweka kwenye tovuti, hata unabadilisha herufi. Huruhusiwi kuiuza fonti peke yake, na ukiibadilisha, toleo lako libaki chini ya leseni ileile. Nyingine zina jina lililohifadhiwa, hivyo toleo lako lazima liwe na jina jipya. Zipo nzuri sana. Fonti ya bure si lazima iwe dhaifu.

JUMA: La mwisho. Mtu ana nembo aliyoikabidhi zamani, na hajui fonti aliitoa wapi.

REHEMA: Afungue taarifa za fonti kwenye kompyuta yake. Mara nyingi jina la mtengenezaji na maelezo ya leseni yamo ndani ya faili lenyewe. Amwandikie mtengenezaji, aeleze imetumika wapi, aombe leseni inayofaa. Na mteja aambiwe leo, kabla hajachapisha mabango mengine.