Robo Karne ya Soko la Wengine: Biashara, Ujuzi na Ukuaji wa Uchumi Wetu

Bwana Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wenye viwanda mliofika kutoka Eneo la Viwandani na Athi River, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Tarehe 30 Septemba 2025, sheria ya Marekani ya AGOA, ambayo tangu mwaka 2000 iliziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia nchini humo bila ushuru, ilifika ukomo wake kabla ya kuongezewa muda. Wiki mbili baadaye ilitangazwa mjini Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka huo ni ya Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt, kwa kueleza jinsi uchumi unavyokua kutokana na ubunifu. Habari ya kwanza ilitugusa moja kwa moja, kwa kuwa ajira za watu wetu zilikuwa hatarini, ilhali ya pili ilionekana kuwa ya wasomi. Mimi naziona kuwa habari moja. Soko tunalofunguliwa na wengine hutupatia muda tu, na thamani ya muda huo hupimwa kwa yale ambayo viwanda vyetu vimejifunza kuyafanya kabla haujaisha.

Tuitazame sheria hiyo kwa haki. Viwanda vya nguo vya Athi River, Nairobi na Mombasa viliajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na mshahara wa mshonaji mmoja ulilipia karo na kodi ya nyumba ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani. Asiyeliona hilo hana haki ya kuikosoa. Lakini AGOA iliziruhusu nchi kama yetu kushona nguo kwa kitambaa kilichonunuliwa popote duniani na bado kuziuza Marekani bila ushuru. Kwa hiyo kitambaa kilitoka Asia, sisi tukakikata, tukakishona na kukipakia kwenye kontena. Kilimo cha pamba cha Nyanza na Magharibi hakikuamka, ufumaji haukurudi kwa kiwango kilichotazamiwa, na usanifu wa nguo ulibaki kwa mnunuzi. Ndiyo maana Marekani ilipotangaza mwezi Aprili 2025 kwamba bidhaa zetu zitatozwa ushuru wa asilimia 10, tulitetemeka: tofauti ya bei ndiyo iliyokuwa nguzo yetu kuu sokoni.

Mjadala wa mitumba ulipata hitilafu hiyo hiyo. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza hadi kuiondoa. Marekani ikaonya kwamba manufaa ya AGOA yangeguswa. Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda, iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa manufaa ya nguo mwaka 2018. Tulibishana kuhusu soko la mitumba la Gikomba na lango la forodha. Bei ya umeme wa kiwanda cha uzi na ubora wa mbegu ya pamba havikupata nafasi vilivyostahili.

Mokyr anatusaidia hapa. Katika kuchunguza historia ya Ulaya, alionyesha kwamba kwa karne nyingi watu walivumbua vitu vizuri bila kujua kwa nini vinafanya kazi, na kwa hiyo kila uvumbuzi uliishia pale ulipofika. Ukuaji usiokoma ulianza pale ujuzi wa fundi ulipokutana na maarifa ya mtaalamu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, katika jamii iliyokuwa tayari kuacha mazoea.

Sisi tumewahi kufanya hivyo, tena hapa jijini Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jiko la makaa lililojulikana Thailand lilichukuliwa likatengenezwa upya lifae mapishi ya hapa, likiwa na bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, ili joto lisipotee na makaa yasiishe haraka. Wataalamu wa nishati walikuwa na maelezo ya joto. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walikuwa na mikono, bati na wateja. Majiko ya kwanza yalikuwa na kasoro, udongo ukapasuka, umbo likabadilishwa, mafundi wakafunzwa, kisha wakaanza kushindana kwa bei na ubora. Leo jiko hilo limeenea Afrika Mashariki yote. Hakuna ushuru uliolilinda. Nalitaja kwa kirefu kwa sababu tunapenda kuzungumzia ubunifu kana kwamba ni programu za simu pekee, ilhali mkutano huu wa fundi na mtaalamu ndio tunaouhitaji katika ngozi, chai, pamba na dawa.

Aghion na Howitt, katika makala yao ya mwaka 1992, walieleza upande mwingine ulio mchungu zaidi: kampuni yenye bidhaa bora huiondoa sokoni iliyotangulia, na ile iliyotangulia ina kila sababu ya kuzuia mlango. Tunao mfano. M-Pesa ilianza Machi 2007, na Benki Kuu ilifanya vyema kutoikaba kwa kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya benki. Lakini mvumbuzi akishakuwa mkubwa, jukumu la dola hubadilika. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani iliamua kwamba mawakala wa Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, wasizuiwe kuwahudumia washindani wake. Naiona hatua hiyo kuwa sera ya ubunifu sawa na ruzuku yoyote, na natamani ingechukuliwa mapema zaidi.

Kwa hiyo swali la kama tufungue au tufunge soko halinitoshi. Jumuiya yetu tangu mwaka 2022 inatoza hadi asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa kutoka nje. Ushuru huo unaweza kumpa mwenye kiwanda nafasi ya kujifunza, na unaweza pia kumpa usingizi. Tofauti hutokana na masharti yanayoambatana nao, na kama kuna mshindani wa ndani anayemkimbiza.

Sasa saa nyingine imeanza kuhesabu. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa zetu zinaingia kule bila ushuru, nasi tunafungua soko letu hatua kwa hatua kwa muda wa hadi miaka 25, huku baadhi ya bidhaa nyeti zikiachwa nje. Hiyo ni robo karne nyingine, nayo inatofautiana na ile ya AGOA kwa jambo zito: safari hii na sisi tunafungua.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inaelekeza kwamba Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho hakijawahi kukaribiwa. Ninawaomba wabunge walio hapa, kila wanapoletewa ratiba ya kupunguza ushuru wa bidhaa fulani, waiombe Wizara ya Fedha ilete karatasi ya pili: ni viwanda gani vinavyotengeneza bidhaa hiyo nchini, ni taasisi gani ya utafiti inayofanya kazi navyo, imepewa shilingi ngapi mwaka huu, na mavuno au ubora umebadilika vipi tangu ushuru ulipopunguzwa mara ya mwisho. Karatasi hiyo ichapishwe, ili mkulima wa pamba wa Busia na mwenye kiwanda wa Athi River waisome kabla ya kura kupigwa.